Koko na Sahani ya Mtoto

Mazungumzo ya leo yanaingia jikoni, tena yanagusa mahali ambapo wengi hawapendi kuguswa: maneno ya koko, yaani bibi, juu ya chakula cha watoto wetu.

Mnayajua maneno hayo. Koko amefika kutoka kijijini, amepewa kiti, amepewa maji ya kunywa, amemvuta mjukuu karibu na kumshika mkono. Hata habari za shamba hazijaisha, neno linatoka: "Mbona mtoto huyu ni mifupa tupu? Mnamlisha nini humu?" Au anafunua chungu na kusema sombe hii haikutwangwa, imechanwa tu. Au anasema uji huu ni maji ya kunawia. Au anakumbusha, majirani wakisikia, kwamba yeye alizaa tisa na hakuna hata mmoja aliyelishwa kwa maneno ya munganga wa kituo cha afya. Mke wa mwanawe yuko palepale, ameinama mbele ya mafiga, anasikia kila neno. Hajibu, maana mkwe hajibu. Usiku anamweleza mume wake. Mume anasema, "Mama ni mzee, mwache." Kesho yake maneno yanarudi.

Nimewasikiliza akina mama wengi juu ya jambo hili, na nimewasikiliza akina koko pia. Msimamo wangu nausema mapema ili tusizunguke. Koko ana haki kubwa katika namna chakula kinavyotayarishwa. Ana kosa kubwa katika miezi ya kwanza ya mtoto. Na mtu anayepaswa kumwambia kosa hilo si mkwe, ni mwana wake mwenyewe.

Tuanze na koko, maana ukali wake una chanzo.

Nchi yetu hii ya Maniema, ya Kasongo na Kabambare, ilijulikana kwa chakula zamani sana. Mwaka 1871 mmisionari na msafiri David Livingstone alikaa Nyangwe, akaona soko la wanawake waliovuka Lualaba kwa mitumbwi kuleta mihogo, samaki, kuku, chumvi na mafuta ya mawese. Kasongo ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ilizungukwa na mashamba ya mpunga, mashamba yaliyolimwa kwa jasho la watumwa, na hilo tusilifiche. Jeshi la Mfalme Leopold wa Ubelgiji lilipoiteka Kasongo Aprili 1893, daktari wake Mwingereza, Sidney Langford Hinde, aliandika kuhusu bustani za machungwa, mapera, makomamanga, mananasi, maembe na ndizi alizozikuta kila upande. Mtu anayesema kwamba wazee wetu hawakujua chakula hajui anazungumza juu ya watu gani.

Kisha mkono wa mkulima ukaondolewa kwenye shamba lake. Kuanzia 1917 serikali ya Wabelgiji ililazimisha vijiji kulima pamba, na Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza. Siku za kupanda karanga na maharagi zikawa siku za pamba, na muhogo ambao haudai kazi nyingi ukazidi kuwa chakula cha kila siku. Mwaka 1964 ukaja uasi wa Simba dhidi ya serikali. Halafu vita ya 1998 mpaka 2003, ambayo haihitaji kusimuliwa kwa mtu wa Kasongo wala wa Kabambare aliye na umri wa kuikumbuka. Watu walilala porini. Chumvi ikawa mali. Wanawake walichimba mihogo usiku katika mashamba yao wenyewe kama wezi, wakapika bila moshi kuonekana.

Koko wengi wa leo ndio akina mama wa vita ile. Mwanamke aliyekuwa na miaka ishirini na mitano mwaka 1998, akiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, leo ana wajukuu. Yeye hapimi chakula kwa aina zilizomo ndani ya sahani. Anapima kwa tumbo lililojaa, kwa sababu alimwona mtoto ambaye tumbo lake halikujaa. Anapogusa mkono wa mjukuu na kuuona mwembamba, ule woga wa porini unarudi, nao unatoka mdomoni ukiwa na sura ya lawama. Mkwe akilijua hili, lawama haitapungua uchungu wake mara moja, lakini atajua anajibu nini.

Sasa tuyapokee maneno yenyewe, tuyachague kama mchele kwenye ungo, tukianza na yale ambayo koko ana haki.

La kwanza na kubwa kuliko yote ni muhogo. Koko anasema mihogo michungu ikae ndani ya maji siku tatu, hata nne, mpaka ilainike kabisa na maganda yatoke bila kulazimishwa, kisha ianikwe juani ikauke hasa ndipo itwangwe unga. Mama kijana ana haraka. Soko ni kesho, watoto wanataka bugali leo, anaitoa siku ya pili. Koko anagomba, mama anaona anaonewa.

Ndugu zangu, hapa koko anajua kitu ambacho madaktari walichelewa kukijua. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi ndani yake, na maji ndiyo yanayoitoa. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa uliokuwa ukiwapata watu wa Kwango, magharibi mwa Kongo: mtu analala mzima, anaamka miguu yote miwili imekakamaa, na haitarudi kama zamani maisha yake yote. Unaitwa konzo. Unawapata zaidi watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa. Miaka ya baadaye watafiti walikwenda vijiji vya Bandundu kutafuta chanzo, wakakuta jambo la kusikitisha. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilikuwa imeleta wanunuzi wa mihogo, na wanawake, ili kuwahi magari, walipunguza siku za kuloweka. Siku tatu zikawa moja. Biashara ikakua, na miguu ya watoto ikakakamaa. Walikuta pia kwamba anayekula muhogo huo peke yake, bila samaki wala maharagi, anaumia zaidi, kwa sababu mwili unahitaji protini ili kuivunja nguvu ile sumu.

Kwa hiyo koko anaposimama juu ya ndoo ya mihogo na kusema "rudisha majini, bado", anailinda miguu ya mjukuu wake. Mkwe asikie neno hilo kama msaada hata kama sauti ilikuwa ya ukali. Na sombe ni hivyohivyo: majani ya muhogo yana sumu hiyo pia, na kutwanga sana pamoja na kuchemsha muda mrefu ndiko kunakoyafanya yawe chakula. Sombe iliyochanwa kwa kisu na kuinuliwa motoni upesi haijamaliza safari. Koko hasemi hivyo ili kumwaibisha mtu.

La mchele pia ana haki. Akina koko wa Kasongo wanasema mchele wa mashine, ule mweupe unaong'aa, hauna nguvu kama mpunga uliotwangwa nyumbani. Kule kisiwani Java, mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa sana wakipooza, na waliorudishiwa mchele wenye pumba wakisimama tena. Kilichopotea kilikuwa vitamini iliyo katika lile ganda jembamba, ambayo leo inaitwa B1, na kazi hiyo ilimpatia Eijkman Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Sisemi mashine za kukoboa zifungwe, akina mama wamechoka na kinu na wana haki ya kupumzika. Nasema mtoto ambaye chakula chake kikuu ni wali mweupe mtupu hajashiba kama anavyoonekana.

Mafuta ya mawese: koko anataka yabaki mekundu. Ni kweli, wekundu ule ndio ambao mwili unaugeuza kuwa vitamini A inayolinda macho na kumsaidia mtoto kupigana na magonjwa, na mafuta yakiunguzwa mpaka yawe meupe, imekwisha.

Kumbikumbi, uyoga, mabuu ya mchikichi tunayoyaita mpose, viwavi vya porini: koko analeta katika jani, watoto wa mjini wanakunja uso, na mama mwenyewe anaona haya kwa sababu jirani amepika nyama ya kopo. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa kitabu kizima likiwaeleza watu wa dunia kwamba wadudu wanaoliwa wana protini na madini ya kutosha kuwa chakula cha heshima. Koko hakungoja kitabu hicho. Mtoto akimwona mama yake anakula kwa furaha kile koko alicholeta, naye atakula.

Na biskuti. Hapa niwaseme hasa watu wa Salamabila na machimbo yote ya dhahabu ya Kabambare. Baba ameingia shimoni tangu alfajiri, mama amekwenda kusafisha mchanga au kuuza chakula kwa wachimbaji, na mtoto ameachiwa noti mkononi. Asubuhi anakula andazi, saa sita biskuti, katikati anakunywa maji yenye unga wa rangi na sukari. Jioni bugali inapokuja hana hamu. Koko anasema, "Huyu mmemjaza upepo." Hajakosea hata kidogo. Fedha ya dhahabu imeingia nyumbani na chakula kimetoka. Koko asemapo hivyo, ndugu mchimbaji, usimjibu kwamba siku hizi mambo yamebadilika. Noti ile ile uliyompa mtoto ingenunua ndagala wa Tanganyika wanaoletwa hapo sokoni, au mayai.

Nimetaja mayai, na mayai yananipeleka upande wa pili, kule ambako koko lazima akataliwe.

Wengi wetu tumekuzwa tukiambiwa kwamba mtoto akila yai atakuwa mwizi. Yai lilikuwa la mgeni, au la kuatamiwa. Katika nyumba yenye kuku wawili, neno hilo lilikuwa na kazi yake: liliwalinda kuku wazaliane. Lakini mtoto wa mwaka mmoja hana njia nyepesi zaidi ya kupata protini nyumbani kuliko yai lililochemshwa na kupondwa ndani ya uji wake. Wizi hautoki kwenye yai. Na samaki, tusidanganyane: kipande kizuri kinakwenda kwa babu na kwa baba, mtoto anapewa mchuzi na kuambiwa ni mtamu. Mchuzi una ladha ya samaki, samaki mwenyewe yuko kwenye sahani nyingine. Babu, nawe unayenisikiliza hapo barazani, kipande hicho kigawe. Ukikigawa wewe hakuna atakayesema mkwe amekosa adabu.

Maji kabla ya miezi sita ni jambo zito zaidi. Mtoto wa wiki tatu analia, jua kali, koko anasema, "Ana kiu, mpeni maji." Mwingine anasema apewe maji ya sukari, au uji mwepesi wa muhogo ili alale. Nimeona nyumba ambamo mama alikataa mchana, koko akampa usiku mama akiwa amelala. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanasema neno moja, na waganga wa vituo vyetu vya afya wanalirudia kila siku: mpaka miezi sita, maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Maziwa yenyewe sehemu yake kubwa kabisa ni maji, kiu ya mtoto inaishia hapo. Maji ya visima na ya vijito vyetu yanaleta kuhara, na tumbo la mtoto wa wiki tatu halina silaha. Zaidi ya hayo, mtoto akishiba maji ananyonya kidogo, na titi lisilonyonywa linapunguza maziwa, halafu koko anasema, "Si niliwaambia, maziwa ya huyu mama hayatoshi." Uchunguzi wa kitaifa wa 2013 na 2014 ulionyesha kwamba hata nusu ya watoto wa Kongo walio chini ya miezi sita hawakuwa wakinyonya maziwa peke yake, na kwamba watoto 43 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Hapa hakuna kukubaliana katikati. Mtoto wa wiki tatu hapewi maji kidogo kwa ajili ya amani.

Lakini koko huyohuyo anapomzuia mama kumwachisha mtoto titi mapema, anasimama upande wa afya. Akina koko Waislamu wa Kasongo wanaitaja ile miaka miwili iliyomo ndani ya Kurani, na madaktari wanasema miaka miwili au zaidi, pamoja na chakula kingine baada ya mwezi wa sita. Mama kijana anayetaka kumwachisha mtoto wa miezi minane amsikilize mama mkwe wake.

Kuna jambo la unene. Koko anaona mashavu yaliyojaa na miguu iliyovimba, anapiga vigelegele: mtoto amenenepa. Bonyeza mguu wake kwa kidole gumba, uhesabu polepole mpaka tatu, ondoa. Shimo likibaki, na mguu wa pili vilevile, hayo si mafuta, ni bwaki, ugonjwa wa utapiamlo. Nywele zimekuwa nyepesi na nyekundu, mtoto amenuna hataki kucheza, hataki kula. Huyo anapelekwa kituo cha afya leo, si baada ya soko. Na kinyume chake pia ni kweli: mtoto mrefu, mwembamba, mwenye macho makali na anayekimbia siku nzima anaweza kuwa mzima kabisa. Jicho la koko peke yake halitoshi. Ule utepe wa rangi tatu ambao wahamasishaji wa afya wanaufunga mkononi unajibu swali kwa muda mfupi. Kwa mtoto wa kuanzia miezi sita mpaka miaka mitano, chini ya milimita 115 ni nyekundu, ni hatari. Kuanzia hapo mpaka chini ya 125 ni manjano. 125 na zaidi ni kijani.

Na mtoto akikonda, kabla ya kumshtaki mama yake, tukumbuke jambo ambalo ulimwengu ulijifunza hapa hapa kwetu. Katika miaka ya 1970 kulikuwa na mradi wa afya ulioitwa Mradi wa Kasongo, ulioendeshwa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji. Walipima uzito wa watoto wadogo kwa uvumilivu mkubwa na kuwafuatilia. Mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo yao juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo, na mwaka 1986 jarida la Shirika la Afya Duniani likachapisha walichokiona juu ya watoto wanaoacha kuongezeka uzito, wakiangalia hasa jinsi surua inavyoharibu ukuaji. Ugonjwa unakula mwili wa mtoto hata kama sahani ilijaa. Koko anayesema "huyu mama hamlishi" huenda anamlaumu mtu ambaye amekesha wiki mbili na mtoto mwenye homa. Swali la kwanza liwe, "Aliugua lini?" Na la pili, "Alichanjwa?"

Sasa nifike kwenye sahani yenyewe, maana ndiyo inayozua ugomvi ambao sisikii ukizungumzwa.

Kwenye kituo cha afya mama anafundishwa: mtoto mdogo awe na sahani yake, uone amekula kiasi gani. Anarudi nyumbani, anatenga. Koko anakasirika, na safari hii si kwa sababu ya njaa. Anasema, "Mnamfundisha uchoyo. Sisi tulikula sinia moja, mikono yote ndani, ndiyo maana tunaitana ndugu." Neno hili lina uzito, nami sitalipuuza. Sinia moja ndiyo shule ya kwanza ya mtoto wa kwetu. Hapo anajifunza kungoja mkubwa aanze, kula upande wake, kutonyakua nyama, kumwachia mwenzake. Katika Ramadhani jua linapozama, watu wa nyumba tatu wanazunguka chakula kimoja, na mpita njia anavutwa mkono akae. Hatutaki kupoteza hilo ili kufuata karatasi ya mafunzo.

Lakini angalieni sinia hiyo kwa jicho la mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Kaka zake wana miaka sita, minane, kumi. Mikono yao ina kasi. Yeye bado anabana tonge likimponyoka, na bugali ya moto inamchoma. Anapofanikiwa matonge matatu, sombe imekwisha, na samaki aliondoka zamani. Anaonekana amekula na wenzake, koko anafurahi, lakini tumbo lake lina bugali kavu. Siku moja haiumizi. Mwaka mzima unamdumaza.

Nimeona nyumba moja upande wa Kunda iliyolimaliza jambo hili kwa busara, na busara hiyo ilitoka kwa koko mwenyewe. Mtoto mdogo ana bakuli lake, lakini halitengwi pembeni: linawekwa juu ya mkeka uleule, kando ya sinia. Koko anakaa nalo karibu. Kabla ya wote kuanza, kila mkubwa anachota kidogo kutoka upande wake na kutia ndani ya bakuli la mdogo: huyu sombe, huyu samaki aliyetolewa miiba, huyu maharagi. Uchoyo uko wapi hapo? Wakubwa wanajifunza kutoa kabla ya kula, mdogo anapata sehemu yake kamili, na koko ndiye msimamizi. Akifika miaka mitatu hivi, mkono umekomaa, anaingia kwenye sinia. Mama wa nyumba ile aliniambia kwamba tangu koko akabidhiwe bakuli, hajasikia tena neno la mifupa tupu.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Koko asiye na kazi juu ya chakula cha mjukuu atakuwa na maneno juu yake. Na kwa kweli, katika nyumba zetu nyingi yeye ndiye anayelisha: mama yuko shambani tangu asubuhi, au yuko machimboni, au amekwenda Kindu kutafuta maisha. Semina za lishe zinamwita mama kijana, zinampa mafunzo, anarudi nayo nyumbani ambako mwiko umeshikwa na mtu ambaye hakualikwa. Ninyi mnaoendesha mafunzo hayo, mwalikeni koko. Mpeni kiti cha mbele. Muulizeni kwanza mihogo inalowekwa siku ngapi, wote wamsikie akijibu sawasawa, ndipo mmweleze habari za maji ya mtoto mchanga. Aliyeheshimiwa mbele ya watu kwa anachokijua hasiti kupokea asichokijua.

Kwa mkwe nina maneno machache. Usijibu neno la koko mbele ya mtoto wala mbele ya jirani. Mtoto anayesikia chakula cha mama yake kikitukanwa anakiacha. Akimsikia mama naye akimtukana koko, anajua kwamba kula ni vita na atachagua upande. Pokea kwanza lile lililo kweli: "Ndiyo mama, mihogo hii nitairudisha majini." Kisha, mkiwa wawili, mnachambua matembele au mnamenya karanga, sema lile gumu: "Mama, hili la maji, munganga amelikataza mpaka miezi sita. Nisaidie nisilivunje." Mwache munganga abebe lawama, mabega yake ni mapana. Na usimfiche koko chakula unachompa mtoto. Kinachofichwa kikifichuka kinakuwa kesi.

Kwako koko, mama yetu, nasema kwa heshima yote. Ulimi wako una uzito kuliko unavyodhani. "Mifupa tupu" uliyoisema mbele ya kisima imemfuata mama yule mpaka usingizini. Ukiona mtoto amekonda, mwite mama yake chumbani, funga mlango, muulize. Na ukimpenda mjukuu, usimpe usiku kilichokataliwa mchana.

Sasa ninyi akina baba, ambao mmekuwa mkisikiliza mkidhani mazungumzo haya ni ya wanawake. Mke wako aliingia katika ukoo wenu akiwa mgeni. Hana mdomo wa kumkataza mama yako, na akiufungua ataitwa mkorofi mpaka Wamaza. Wewe unao. Wewe ulinyonya titi la mama huyo, akikukasirikia leo kesho atakuita ule. Kusema "mwache, ni mzee" ni kumwachia mgeni wako mzigo wa ukoo wako. Jioni hii, kabla ya kulala, nenda ukaketi karibu na mama yako, umsalimu kama mtoto, umshukuru kwa mihogo aliyoilinda, kisha umwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba mtoto mchanga hanywi maji, na kwamba mtoto wa mwaka mmoja atakula yai. Na siku ya kupima watoto itakapofika, mbebe koko kwenye baiskeli au kwenye pikipiki, umpeleke kituoni pamoja na mjukuu, ashike ule utepe kwa mkono wake na auone rangi yake.